Mikono inayokanda na mizigo inayovunja mgongo: uhakiki wa desturi moja ya kwetu Kivu



Kila jioni, ndani ya nyumba nyingi za Kadutu na za Bagira, na vilevile katika vijiji vya Kabare na Walungu, kuna mtu aliyelala kifudifudi juu ya mkeka na mwingine anamkanda mgongo. Maji ya moto yako pembeni ndani ya beseni, kitambaa kinachovywa na kukamuliwa, mafuta ya kokwa za mawese yanapashwa kidogo karibu na makaa. Hakuna anayeita jambo hilo matibabu. Watu wanasemaka tu: "Munikande kidogo, mugongo unanikata." Kesho yake aliyekandwa anarudi kwenye kazi yake ya kubeba, ya kulima, ya kusukuma chukudu ao ya kuinama juu ya beseni la nguo.

Jambo kama hilo haliandikwi sana. Tunapoandika juu ya desturi tunapenda ngoma, mahari, hadithi na majina ya wafalme. Kukanda tumewaachia watu wa pande mbili ambao hawasikilizani. Upande mmoja kuna wasomi wanaosema ni ushamba, mwenye kuumwa aende kununua vidonge. Upande wa pili kuna wenye kusifu mila bila kipimo, wanaosema mikono ya wazee inaponya yote, tangu uchovu mpaka mfupa uliovunjika. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinaikimbia kazi ya kutazama. Desturi inafaa kuhakikiwa sawa vile tunavyohakiki wimbo ao hadithi shuleni: imetengenezwa namna gani, inafanya nini, inashindwa wapi, tena inanyamazia nini. Swali hilo la mwisho ndilo lililotusukuma kuandika.

1. Mambo ambayo mikono inajua

Tuanze kwa kuipa mikono haki yake. Mkandaji mzuri hafanyi haraka. Anapasha viganja vyake kwanza. Anauliza: panauma wapi, tangu siku gani, ulikuwa unafanya kazi gani. Anapapasa pande zote mbili za uti wa mgongo akilinganisha, akitafuta pale penye ugumu, pale watu wanaposema "mushipa umejifunga". Hashambulii mahali panapouma. Anaanza mbali, anakaribia pole pole, anakandamiza kwa kidole gumba ao kwa sehemu nene ya kiganja, anaachilia, anarudia. Anamsoma mgonjwa kwa pumzi yake: mgonjwa akizuia pumzi, mkono unapunguza nguvu. Mwishoni anamfunika mgongo kwa kitenge juu ya baridi, kisha anamwambia asimame, atembee kidogo ndani ya nyumba kabla ya kulala.

Mambo haya yana sababu zake. Joto linalegeza misuli iliyokaza na kuongeza mwendo wa damu. Kuguswa taratibu kunatuliza mishipa ya fahamu na kupunguza woga wa maumivu, na mtu asiye na woga anathubutu kujinyoosha na kutembea. Hata lile neno la mwisho la "tembea kidogo" lina maana kubwa, maana leo wanganga wanajua kwamba mgongo wa kawaida unapona vizuri kwa kuendelea na mwendo kuliko kwa kulala kitandani siku nyingi.

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo yanayodumu kwa watu wazima. Kati ya mambo yanayoweza kusaidia, kukanda kumo, pamoja na mazoezi ya mwili, mafundisho kwa mgonjwa na msaada kwa upande wa mawazo. Kati ya mambo ambayo mwongozo hauyashauri kwa kawaida, kuna kuvutwa mgongo kwa vyombo na mikanda ya kufunga kiuno. OMS ilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa mgongo wa chini, maana yake karibu mtu mmoja kwa kila 13. Basi msomi anayecheka mkeka na beseni la maji ya moto anacheka kitu ambacho vitabu vyake vimekwisha kupokea.

Lakini tusome mwongozo huo mpaka mwisho. Hausemi kukanda peke yake kunatosha. Faida ya mikono inaonekana zaidi kwa muda mfupi: usiku mmoja, siku mbili, juma moja. Kinachodumu ni mwili wenyewe kupata nguvu na kazi yenyewe kubadilika. Wale wanaofanya kineziterapi, katika nyumba zinazojulikana kwa miaka mingi kama Heri Kwetu ya Bukavu ao Shirika la Umoja ya Goma, wamefundishwa hivyo: mikono inafungua mlango, mazoezi ndiyo yanaingia ndani. Kwetu mara nyingi tunabaki mlangoni.

2. Elimu ya kubeba, ambayo tunaiacha ipotee

Desturi ya mikono haikuwa ya kutuliza tu. Ilikuwa na upande wa kuzuia, na upande huu ndio unaosahauliwa mbele ya mwingine.

Inaanza na mtoto mchanga. Mama anapomwogesha, anamnyoosha mikono na miguu, anaivukisha mkono mmoja juu ya mwingine, anamkanda mgongo kwa mafuta. Mtoto anakua akizoea mwili wake kuguswa na kunyooshwa. Kisha inakuja elimu ya mzigo. Msichana hakuanzishwa na kitunga kilichojaa. Alipewa kibuyu kidogo, kisha kuni chache, kisha mihogo michache, na mzigo uliongezeka jinsi yeye alivyokua. Mzigo mzito haukuinuliwa na mtu peke yake kutoka chini: mwenzake alimtwika, mwenzake alimtua. Njiani wamama walipumzika kwa kuegemeza mzigo kwenye ukingo wa njia, si kuuweka chini, kwa kuwa kuuinua tena kutoka chini ndiko kunakokata mgongo. Mpaka leo, ukipanda barabara yoyote ya Bukavu, utawaona wamama wamesimama hivyo, mgongo umegeukia ukingo, mzigo umeegemea, kamba bado iko kwenye paji la uso.

Kamba hiyo ya paji la uso imedharauliwa sana na wageni, na hata na sisi wenyewe. Lakini ina ufundi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba juu ya kichwa, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba ya paji, sawa na wamama wetu. Watafiti waliona kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi kuliko wakitembea mikono mitupu. Watu wa nchi nyingine wakiwekewa mzigo wa namna hiyo, nguvu inayotumika inapanda mara moja. Maana yake namna ya kutembea ya wamama hao ni elimu ya kweli, iliyojifunzwa kwa miaka tangu utoto.

Tuwe waangalifu na sifa hii pia. Asilimia 20 ni kiasi gani? Mama mwenye kilo 55, sehemu hiyo ni kilo 11. Bidoni ya maji ya litre 20 peke yake imekwisha kupita kilo 20. Gunia la kilo 50 linakaribia uzito wa mama mwenyewe. Tena, utafiti ule ulipima pumzi, yaani nguvu inayotumiwa na mwili. Haukupima shingo, wala magoti, wala mgongo baada ya miaka ishirini ya kazi. Ufundi wa mababu ulitengenezwa kwa kibuyu, kuni na mihogo ya chakula cha nyumbani. Haukutengenezwa kwa magunia ya biashara yanayopandishwa kutoka bandari ya ziwa mpaka soko la Kadutu, safari baada ya safari, tangu asubuhi mpaka usiku.

3. Pale mikono inapokosea

Sasa tuseme waziwazi yale ambayo wenye kusifu mila hawapendi kusikia.

Kosa la kwanza ni kuita kila maumivu "mushipa". Mtaani kwetu tulimfahamu kijana mmoja aliyekuwa anabeba saruji. Alianza kuumwa katikati ya mgongo. Alikandwa, na juma la kwanza hakuna ubaya, maana mbeba saruji yeyote anaumwa. Lakini maumivu yalizidi usiku hata akiwa amelala, jioni alipata homa, suruali zikaanza kumlegea kiunoni. Wakaendelea kumkanda. Baadaye mtu mwenye nguvu akaitwa amsimamie mgongoni kwa miguu "ili urudi mahali pake". Alipofikishwa hospitalini, miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Mwingereza Percivall Pott aliueleza tangu 1779 na ambao dawa zake zipo. Mikono ya kwanza haikuwa mibaya. Ila hakuna aliyehesabu majuma.

Kosa la pili ni kukanda kiungo ambacho kimeumia saa ile ile. Mtu amejikwaa, kifundo cha mguu kimevimba, mara anakamatwa na watu wawili, mmoja anashika goti na mwingine anavuta na kusugua kwa maji ya moto. Maumivu yanachukuliwa kama alama ya kwamba dawa inafanya kazi: akilia sana, wanasema "inaingia". Si kweli. Siku mbili za kwanza kiungo kilichoteguka kinataka kitambaa cha maji baridi, kufungwa bila kukazwa sana, kuinuliwa juu na kupumzishwa. Na kama kuna mfupa uliovunjika, kusugua kunasogeza vipande na kuumiza nyama na mishipa ya damu. Waunga mifupa wetu wengine wana maarifa mazuri ya kufunga kwa vijiti. Lakini vijiti vikikazwa kupita kiasi, damu haifiki kwenye vidole, na mguu ambao ungepona unaweza kukatwa. Vidole vikiwa baridi, vyeusi ao bila hisia, kamba zifunguliwe pale pale, si kungoja kesho.

Kosa la tatu ni wembe. Wakandaji wengine wanaongeza chale, wanapaka unga mweusi wa majani yaliyochomwa, ao wanaumika kwa pembe ili "damu mbaya" itoke. Hatubishani hapa juu ya damu mbaya na damu nzuri. Tunasema tu kwamba wembe mmoja, ile zilete tunayoijua, unaotumiwa kwa migongo miwili unaweza kupeleka virusi vya sida na vya ugonjwa wa ini kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Mtu alikuja na mgongo unaouma, anarudi na ugonjwa wa maisha yote.

Kosa la nne linawahusu watoto. Mtoto anayelia juu ya mifupa mara kwa mara, mikono na miguu imevimba, macho ya manjano, huenda ana ugonjwa wa damu wa drepanositozi, ule watu wanaouita SS. Kumkandakanda kwa nguvu kunamwongezea mateso, na kumchanja kunamfungulia mlango wa maambukizo. Kibaya zaidi ni pale mikono inaposhindwa na mufumu anaanza kutafuta mchawi ndani ya jamaa. Mtoto huyo anataka kipimo cha damu. Hana haja ya kesi ya uchawi.

Vivyo hivyo kwa konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafula na kuilemaza. Munganga Trolli aliuandika mwaka 1938 katika nchi ya Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka, linaonyesha miguu iliyofungwa. Nasi Kivu ya Kusini tunaufahamu. Hakuna mkono unaoweza kufungua miguu hiyo, kwa sababu chanzo chake ni mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, pamoja na chakula kisicho na samaki, nyama ao maharagi. Hapa kinga iko jikoni, ndani ya pipa la kulowekea.

4. Duka linalochukua nafasi ya mkeka

Msifikiri kwamba wanaoacha kukanda wamepata kitu bora. Angalieni sokoni. Kijana mwenye kibao cha dawa kifuani anauza vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni moja moja, bila kuuliza kama mnunuzi ana vidonda vya tumbo, presha ao ugonjwa wa figo. Mbeba mizigo anameza asubuhi ili asisikie mgongo mchana, kisha anameza jioni ili alale. Siku moja anatapika damu. Mwingine anaomba sindano ya matako kwa mtu asiyejua mahali pa kuchoma. Mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo ukiguswa, mguu unaburuzika, na wengi wetu tumeona watoto waliolemaa baada ya sindano ya namna hiyo.

Kisha kuna pomadi za vikopo vidogo zenye mentoli. Zinaleta baridi, halafu joto, pua inafunguka, mtu anasema "nimesikia". Hatuzikatazi, zinatuliza kidogo. Lakini tuone tofauti. Mkandaji wa zamani aliuliza ulikuwa unafanya kazi gani. Kikopo hakiulizi. Kidonge hakiulizi. Kinachopotea hapo si mafuta, mafuta yapo tele. Kinachopotea ni yale maswali matatu ya mwanzo.

5. Jambo ambalo desturi inanyamazia

Na sasa tumefika kwenye uchungu wa uhakiki huu. Desturi yetu inauliza "ulikuwa unafanya kazi gani", mama anajibu "nilibeba", na mkono unaendelea kukanda. Hakuna swali la pili. Hakuna anayeuliza: kwa nini wewe, kwa nini kilo hizo, kwa nini kila siku?

Mzigo una historia, haukuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa Dola Huru la Kongo, kati ya 1885 na 1908, pembe na mpira vilisafiri juu ya watu. Reli ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyofunguliwa 1898, ilijengwa kwa sababu njia ile ya wapagazi ilikuwa imeshindwa. Ndani ya vita ya kwanza, jeshi la Force Publique lililoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916 lilifika huko kwa mabega ya wapagazi waliotolewa katika vijiji vyetu vya mashariki. Mzungu alibebwa kwa tipoyi, sanduku lake lilibebwa kwa kichwa. Tuliposoma historia hiyo shuleni tulikasirika, na tulikuwa na haki.

Basi tujiulize ni nani anayebeba leo. Barabara za kwenda vijijini zimeharibika, lori halipandi. Tangu vita vya 1996 mifugo imeporwa, mashamba yameachwa, wababa wengi wamekufa ao wamepoteza kazi ya mshahara. Mama ndiye aliyechukua nafasi ya lori. Anashuka ziwani ambako mitumbwi ya Idjwi na ya Kalehe inaleta ndizi, mananasi na magunia, anapandisha mlima, analipwa franka kidogo, ananunua unga wa siku ile, anapika bugali na sombe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kwamba hata mwanaume mzima asiinue mzigo wa kupita kilo 55, na mwanamke apunguziwe sana kuliko hapo. Kila siku tunawaona wamama wanaokaribia kipimo hicho cha wanaume ao kukipita, tena wengine wana mtoto kifuani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wababa wa kwetu tumeufanya msemo huo kuwa sheria ya nyumba. Mume na mke wanatoka shambani: yeye anatangulia na fimbo ao na jembe moja, mke anafuata na kitunga, kuni juu ya kitunga, na mtoto. Ukiuliza, unaambiwa "ni desturi". Jioni mkeka unatandikwa. Nani anakandwa wa kwanza? Baba. Nani anakanda? Mama, yule yule aliyebeba. Na mama atakandwa na nani? Na binti yake, kama hajachoka naye kwa kuchota maji. Desturi inayotuliza mgongo mmoja kwa mgongo mwingine unaouma zaidi inataka kutengenezwa, hata kama ni ya mababu.

Tunajua tutajibiwa: "Mwalimu, ninyi munaharibu heshima ya nyumba." Hapana. Hakuna mila ya kwetu inayomkataza mwanaume kubeba. Wanaume ndio waliobeba wafalme, ndio waliobeba Wazungu, ndio wanaosukuma chukudu zenye mbao na makaa huko Goma, na watu wanaziheshimu kazi hizo. Aibu ya mwanaume kubeba kitunga cha mke wake haina umri mkubwa, na kitu kisicho na umri mkubwa kinaweza kuachwa.

6. Tunashauri nini

Kuhakiki bila kushauri ni kazi nusu. Tunatoa mambo manne ambayo hayangoji msaada wa nje.

La kwanza, wakandaji na watu wa sante waketi pamoja. Tangazo la Alma-Ata la 1978 lilikwisha kusema kwamba waganga wa kienyeji wanaweza kusaidia katika afya ya msingi, wakipewa mafundisho yanayofaa. Mkandaji ajifunze alama chache za kumfanya aache mikono na kumpeleka mgonjwa kwa munganga. Tunaziandika hapa ili kila nyumba izijue:

– maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, pamoja na homa ao kukonda;
– miguu kufa ganzi ao kupoteza nguvu, ao mkojo kushindwa kuzuilika;
– maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka ao ajali;
– kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, zaidi kwa mtoto;
– nyama ya mguu mmoja, chini ya goti, iliyovimba na kuuma, hasa kwa mama aliyezaa karibuni ao mtu aliyelala kitandani muda mrefu: hapo kuna hatari ya damu iliyoganda, na kukanda kunaweza kuisukuma mpaka mapafuni;
– maumivu yoyote yasiyopungua baada ya majuma machache ya kukandwa.

La pili, wembe utoke kabisa kwenye kazi ya kukanda. Mkono hauhitaji wembe.

La tatu, sisi walimu turudishe elimu ya kubeba. Tunafundisha mwili wa binadamu tangu msingi, wanafunzi wanachora uti wa mgongo vizuri na kuandika majina yote ya Kifaransa, lakini hawajui kuinua ndoo. Somo moja linatosha: kupiga magoti badala ya kuinama, kusogeza mzigo karibu na mwili, kugawa mzigo mara mbili, kumtwika mwenzako na kumtua, kujinyoosha asubuhi kabla ya kazi. Wavulana wafundishwe pamoja na wasichana, ndani ya darasa moja, na wote wabebe.

La nne ni la mitaa na la vyama. Panapowezekana mkokoteni ao chukudu, mgongo upumzike. Maji yakikaribishwa kwa bomba moja, migongo mingi inapona bila kukandwa. Wanunuzi wa sokoni wakubaliane kugawa gunia la mtu anayebebewa na mama. Na ndani ya nyumba, yule aliyebeba mzigo mkubwa siku hiyo ndiye atandikiwe mkeka wa kwanza.

Tunamaliza kwa ombi kwa wasomaji. Wazee wakandaji wanajua majina ya misuli, ya viungo na ya mwendo wa mikono kwa Kishi, Kihavu, Kirega, Kifuliru na Kibembe, majina ambayo hayamo ndani ya kamusi yoyote tuliyo nayo shuleni. Muende kwao na daftari. Muwaombe wawaonyeshe kwa mikono, muandike neno, muandike pia wanakataza nini. Halafu muwaulize wamama wanaobeba wanaumwa wapi na tangu mwaka gani. Muandike na hayo kwenye ukurasa ule ule, kisha mutuletee, tuyachapishe pamoja.